Pikapu za zamani na matairi mawili mawili nyuma: zilitoka kiwandani hivyo?

  Leo naandika hasa kwa ajili ya shemeji yangu wa Lushoto, lakini someni wote, maana hela inayotaka kutumika ni mchango wa ukoo mzima.

Shemeji amepata mtu anayemuuzia Land Rover 109 ya zamani, pikapu, yenye matairi mawili mawili nyuma, yaani sita kwa jumla. Muuzaji anaapa kwamba gari lilitoka kiwandani Uingereza likiwa hivyo hivyo, na ndiyo maana bei yake iko juu na ndiyo maana litabeba mzigo mara mbili. Shemeji kaniuliza, wewe si unakaa huko huko yanakotengenezwa? Hebu tuambie ukweli.

Jibu fupi ni hapana. Land Rover 109 haikutoka kiwandani na matairi sita. Jibu refu ni historia, na ni tamu, kwa hiyo vumilieni kidogo.

Tuanze na kiwanda chenyewe. Kipo barabara ya Lode Lane, Solihull, mji uliopakana na Birmingham upande wa kusini mashariki. Kilijengwa kabla ya vita vya pili vya dunia kwa ajili ya injini za ndege. Vita vilipokwisha Rover wakahamia hapo, na mwezi wa nne mwaka 1948 wakaionyesha Land Rover ya kwanza kwenye maonyesho ya magari Amsterdam. Ile 109, jina lake ni urefu wa inchi kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, ilifuata mwaka 1956. Ukoo huo uliendelea mpaka Defender ya mwisho ilipotoka Lode Lane tarehe 29 Januari 2016.

Sasa angalieni Solihull walifanya nini wateja walipodai gari la kubeba zaidi. Mwaka 1962 walitoa Land Rover ambayo dereva anakaa juu ya injini kama kwenye lori, ili nyuma pabaki pa mzigo. Mwaka 1968 wakatoa 109 iliyoitwa One Ton, na jina lenyewe linawaambia mzigo wake. Zote mbili zilikuwa na matairi manne tu. Walichobadilisha ni kuweka matairi makubwa ya 9.00-16 pamoja na kuimarisha sehemu za chini. Sababu inaeleweka. Land Rover ni gari la porini. Matairi mawili yakikaa pamoja, jiwe au tope hukwama katikati yake, na tairi la nyuma la nje halipiti kwenye njia iliyokanyagwa na la mbele. Kwenye mchanga na matope hiyo ni hasara.

Lakini msidhani pikapu na vani zenye matairi sita toka kiwandani hazikuwepo. Zilikuwepo, na nyingine zilizaliwa hapa hapa Birmingham! Huko Washwood Heath, maili zisizofika kumi kutoka Lode Lane, kulikuwa na kiwanda cha vani za Sherpa, zilizoanza mwaka 1974. Katika miaka ya 1980 wakatoa Sherpa yenye bodi pana, na zile nzito za tani tatu na nusu zilikuwa na matairi mawili mawili nyuma. Baadaye gari hilo likaitwa Leyland DAF 400, na kampuni ilipoanguka mwaka 1993 mameneja wakainunua sehemu ya vani, wakaiita LDV. LDV Convoy ya mwaka 1996 iliendeleza mtindo ule ule. Uzalishaji ulisimama mwishoni mwa 2008 na kampuni ikafilisika 2009. Watu wengi wa mitaa ile walipoteza kazi. Jina liliishia mikononi mwa kampuni ya SAIC ya China.

Kabla ya hapo kulikuwa na Ford Transit ya mwaka 1965. Hiyo haikutengenezwa Birmingham, bali Langley na baadaye Southampton. Transit fupi ilikuwa na tairi moja moja nyuma, ndefu ikaja na mawili mawili. Marekani nako, lori la Ford Model AA la tani moja na nusu lilipatikana na matairi mawili mawili nyuma tangu zama za kabla ya 1932. Ila hilo ni lori. Kwa pikapu hasa, yenye bodi yake na madigadi yaliyovimba pembeni, Chevrolet na GMC walizileta kwa nguvu mwaka 1973, wakaziita Big Dooley. Mpaka leo Wamarekani pikapu ya namna hiyo huiita dually.

Kwa hiyo mwenye kusema "pikapu za zamani hazikuwa na matairi sita kiwandani" amekosea, na mwenye kusema "zote zilikuwa nayo" amekosea zaidi. Unatakiwa uulize gari gani na mwaka gani.

Shemeji, haya ndiyo ya kutazama ukienda na fundi:

Kwanza, rimu. Gari lililozaliwa na matairi sita kwa kawaida linatumia rimu za aina moja pande zote, zenye kina. Za mbele zinageuzwa kwa hiyo zinatokeza nje kama tumbo, za nyuma zinaingia ndani kama bakuli. Kama rimu za mbele ni za kawaida na nyuma kuna kipande cha chuma kimewekwa katikati ili matairi yasigusane, hiyo ni kazi ya gereji.

Pili, madigadi. Kiwanda hutengeneza bodi ya kufunika matairi yote mawili. Ukiona bati limechomelewa juu ya tairi la nje, umeshapata jibu.

Tatu, bamba la kiwanda. Magari mengi ya kuanzia miaka ya 1970 yana bamba linaloonyesha uzito wa juu wa gari na wa kila ekseli. Namba hiyo haiongezeki kwa sababu mtu kaongeza matairi.

Na hapo ndipo penye hatari. Kiwanda kikiweka matairi sita kinaweka pia ekseli, beringi, springi, chesi na breki za kulingana nayo. Fundi wa mtaani akiongeza matairi mawili, breki zinabaki zile zile. Tena tairi la nje linakaa mbali na beringi, kwa hiyo linaikandamiza kuliko ilivyokusudiwa. Bolti nazo zinapata tabu. Gari litaonekana na nguvu, watu watajaza kabeji na viazi mpaka juu, halafu lishuke kutoka Lushoto kwenda Mombo. Ile barabara mnaijua nyie kuliko mimi: kona juu ya kona, mlima huku, korongo kule. Kule chini kinachokuokoa ni breki, wala si idadi ya matairi.

Ushauri wangu ni huu. Kama chesi ya hiyo 109 ni nzima, inunueni kwa bei ya Land Rover ya kawaida, vueni matairi ya ziada, na ibebe mzigo wake wa kawaida. Itawatumikia. Kama biashara ya mboga inataka mzigo mkubwa, tafuteni gari lililozaliwa na matairi sita, kama Canter au Dyna, hata kama ni kuukuu. Bei ya ziada ya "matairi ya kiwandani" msiilipe kabisa, maana kiwanda hakikuyaweka.

Mimi mchango wangu nautuma kwa vyovyote mtakavyoamua, ila nawaomba muamue baada ya fundi kulala chini ya gari, si kabla. Msalimieni bibi na watoto wote. Shemeji, nitumie picha za rimu za mbele.