Kutoka Kipande cha Shingoni Hadi "Kubali" ya Kwa Simu

Leo nina stori ya historia, lakini inaanzia kwa steji ya boda hapa Kakamega.

Binamu yangu alikopa 2,000 kwa apu fulani ya mikopo. Mvua ilikuwa inanyesha, na pesa ikaingia kabla haijakatika. Apu iliomba ruhusa ya kuona namba zote kwa simu yake, akabonyeza "Kubali". Hata mimi ningebonyeza. Alipochelewa kulipa, kukhu wetu kule Shinyalu akapigiwa simu na mtu asiyemjua, akaambiwa mjukuu wake ni mwizi. Kukhu hajui apu ni nini. Alilia siku nzima.

Tangu hapo najiuliza: hawa watu wa teknolojia hupanga ubaya kuanzia mwanzo, ama? Nikaenda kutafuta jibu kwa historia.

Mkoloni alipitisha sheria ya kuandikisha Waafrika mwaka 1915, na baada ya Vita Vikuu vya Kwanza ikaanza kutekelezwa. Kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alipaswa kubeba kipande: karatasi yenye jina lake, alama za vidole, mwajiri na mshahara, ndani ya kikebe cha chuma ambacho wengi walikivaa shingoni. Waliokitetea walisema ni kizuri hata kwa mfanyakazi, kwa sababu kazi na mshahara wake vimeandikwa. Inasikika poa, si ndiyo? Shida ni kwamba mwajiri ndiye aliyetia sahihi ya kukuachilia. Ukitoroka kazi bila hiyo sahihi, karatasi ile ile ndiyo ilitumika kukusaka na kukushtaki. Harry Thuku aliipinga, akakamatwa Machi 1922. Watu waliokusanyika Nairobi kudai aachiliwe wakapigwa risasi.

Sasa turudi nyumbani. Mwaka 1930 serikali ilipitisha sheria ya kulinda ardhi ya Waafrika. Ahadi ilikuwa hivi: ardhi ya hifadhi ni yenu, na kipande chochote kikichukuliwa, mtapewa ardhi nyingine badala yake. Mwaka 1931 dhahabu ikapatikana Kakamega. Wazungu wakamiminika na sururu zao. Kufikia mwisho wa 1932 sheria ilikuwa imeshabadilishwa: ardhi ya machimbo ingeweza kuchukuliwa na mwenyewe alipwe pesa tu. Ukipita Rosterman leo, kumbuka jina la huo mtaa limetoka kwa mgodi wa enzi hizo.

Hapo ndipo nilipata jibu langu. Inawezekana kabisa kwamba walioandika ahadi ya 1930 walimaanisha walichosema. Haikusaidia kitu. Aliyeandika sheria ndiye aliyekuwa na uwezo wa kuibadilisha, na alipoona dhahabu, akaibadilisha. Kwa hivyo kujua kama kampuni ina roho nzuri leo hakutoshi. Uliza nani anashika rekodi yako, na nani anaweza kubadilisha masharti kesho, siku dhahabu ikionekana.

Mnakumbuka Worldcoin? Julai na Agosti 2023 Wakenya walipanga foleni ndefu KICC kupigwa picha ya mboni ya jicho, wapewe sarafu za kidijitali za kama shilingi 7,000. Siwacheki. Elfu saba ni kodi ya nyumba ya mtu. Serikali ilisimamisha zoezi tarehe 2 Agosti, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data hiyo ifutwe ndani ya siku saba. Lakini fikiria: nywila ukiibiwa unabadilisha. Jicho utabadilisha na gani?

Tofauti yetu na mababu zetu ni kwamba wao hawakuulizwa. Sisi tunaulizwa, na tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Inakupa haki ya kujua data yako inatumiwaje, kukataa, na kudai ile ya uongo irekebishwe au ifutwe. Mwaka 2023 Kamishna wa Data aliitoza kampuni moja ya mikopo faini ya karibu milioni tatu kwa kutumia namba za watu kuwasumbua. Malalamiko ya watu wa kawaida ndiyo yalifikisha mambo huko.

Kwa hivyo leo jioni fungua mipangilio ya simu yako, uone apu gani inasoma namba zako. Tochi inataka namba za nini? Ifungie. Na kumbuka zile namba si zako peke yako. Binamu yangu alibonyeza "Kubali" kwa niaba ya kukhu, na kukhu hakuwahi kuulizwa.