Miwati ya Njombe na deni la maabara

Mwaka 1949 Waingereza, kupitia shirika lao la maendeleo ya makoloni, walianzisha Tanganyika Wattle Company pale Njombe. Watu wakaliita Tanwat, na jina hilo limebaki. Miaka hiyo kijana wa Kibena aliyetafuta hela ya kodi alikuwa anakwenda Tanga kuwa manamba kwenye mkonge. Wengine waliendelea kwenda, lakini sasa palikuwa na kazi karibu na nyumbani.

Mwati, mti ambao kwa Kiingereza huitwa wattle, asili yake ni Australia, na baridi ya Njombe, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, inaufaa sana. Ukifikisha miaka minane hadi kumi huangushwa, magome yakachunwa na kufungwa mafungu. Hapo hakuna kulaza kazi, maana gome likichelewa ubora hushuka. Thamani yote ya gome ni tanini, kemikali inayofanya ngozi ya ng'ombe isioze, iwe kiatu au mkanda.

Kiwandani magome hukatwakatwa na kulowekwa katika maji ya moto, kwenye matangi yaliyopangwa mfululizo. Maji mapya huanza kwenye magome yaliyokwisha kukamuliwa, yakamalizia kwenye magome mabichi, na kwa njia hiyo tanini kidogo sana hupotea. Kisha maji hayo mekundu huchemshwa katika vyombo vilivyopunguzwa hewa ili yachemke kwa joto dogo, tanini isiungue. Huo ni uhandisi wa kemikali hasa, na Njombe iliujua kabla Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hakijafungua kitivo cha uhandisi mwaka 1973.

Reli ya TAZARA ilipokamilika miaka ya 1970, mji wa Makambako ukawa mlango wa mzigo wa Nyanda za Juu Kusini, Njombe ikiwemo. Mwaka 1995 Tanwat ikawasha mtambo wa umeme wa megawati 2.5 unaotumia mabaki ya miti, na umeme wa ziada ukauzwa kwa shirika la umeme, TANESCO.

Lakini viwanda vingi vya ngozi duniani vimeacha tanini na kuhamia kwenye kromiamu, ambayo majitaka yake ni mzigo kwa mito. Afrika Kusini hawakukaa kusubiri: tangu miaka ya 1970 watafiti na viwanda vyao wanatumia tanini ya miwati kutengenezea gundi ya mbao. Sisi tuna miwati, na Njombe na Mafinga tuna viwanda vya plaiwudi vinavyohitaji gundi kila siku.

Kazi hiyo ya gundi inahitaji watafiti, lakini vijana wetu wenye shahada ya uzamivu katika uhandisi wa kemikali hutafuta nafasi za utafiti Ulaya na Marekani, na siwalaumu. Ombi langu ni kwa vyuo vikuu, shirika la utafiti wa viwanda TIRDO na wenye viwanda: changieni mshahara wa mtafiti mmoja kwa miaka miwili, mumpe maabara Njombe, aanze na gundi ya tanini.