Kadi Iliyolipia Kitanda

Kwa karibu miaka 50, mfanyakazi wa Kenya aliyekatwa pesa za NHIF kila mwisho wa mwezi alikuwa na hakika ya jambo moja: akilazwa, hazina italipia kitanda. Akishikwa na malaria, akapimwa, akapewa dawa na kurudi nyumbani jioni, gharama ilikuwa yake. Mtoto akiugua usiku na kutibiwa asubuhi bila kulazwa, gharama ilikuwa ya mzazi. Sheria ya 1966 iliyounda Hazina ya Kitaifa ya Bima ya Hospitali iliiona hospitali kama mahali pa kulala. Ukitaka kuelewa kwa nini familia nyingi bado zinauza ng'ombe ili kumtoa mgonjwa wodini, inafaa uanzie hapo.

Serikali ya mkoloni iliacha huduma zilizogawanywa kwa rangi. Mwafrika wa Nairobi alitibiwa katika hospitali iliyofunguliwa 1901 ikiwa na vitanda 40, ambayo baadaye iliitwa King George VI na sasa ni Hospitali ya Kenyatta. Mzungu alikuwa na hospitali yake, ile iliyofunguliwa 1954 na leo inaitwa The Nairobi Hospital, pamoja na mpango wa kuchangia gharama zake. Uhuru ulipopatikana ilibidi milango hiyo ifunguliwe kwa wote. Mwaka wa 1965 serikali ya Jomo Kenyatta iliondoa ada ya shilingi 5 iliyokuwa ikitozwa katika vituo vya umma, na mgonjwa asiyelazwa akawa anatibiwa bure. Mwaka uliofuata NHIF ikaanzishwa kwa ajili ya wenye mshahara wa shilingi 1,000 au zaidi kwa mwezi. Kila mmoja alikatwa shilingi 20.

Mambo hayo mawili lazima yasomwe pamoja. Serikali iligharamia zahanati na foleni ya asubuhi. Hazina ikagharamia kitanda, hasa kwa wale waliotaka wodi za kulipia ambazo zamani hawakuruhusiwa kuzikanyaga. Kwa nchi changa yenye wafanyakazi wachache wa mshahara, mpango huo ulikuwa na mantiki, na siwalaumu walioubuni. Mwaka wa 1972 sheria ilipanuliwa ili waliojiajiri nao wajiunge kwa hiari. Hapo ndipo ugumu wa kwanza ulipojitokeza. Pesa za karani huzuiwa na mwajiri kabla hazijamfikia. Muuza samaki wa Kisumu au fundi wa Gikomba hana mwajiri wa kumkata, na kipato chake cha Jumatatu hakifanani na cha Ijumaa. Tatizo hilo limezishinda serikali zote zilizofuata.

Kisha ikaja Desemba 1989. Uchumi ulikuwa umedorora, na wakopeshaji wa kimataifa walitaka matumizi ya umma yapunguzwe. Serikali ya Daniel arap Moi ikaanza kutoza ada katika hospitali na vituo vya afya, sera iliyojulikana kama kugawana gharama. Matokeo yake yalipimwa katika kliniki moja ya umma jijini Nairobi iliyotibu magonjwa ya zinaa. Idadi ya wanaume waliofika kila mwezi ilishuka hadi asilimia 40 ya ile ya awali, na ya wanawake hadi asilimia 65. Hiyo ilikuwa enzi ya UKIMWI, wakati ambapo kila ugonjwa wa zinaa usiotibiwa ulizidi kufungulia virusi njia. Mnamo Septemba 1990 ada za kumwona daktari zikasimamishwa. Wanawake walirudi kwa wingi. Wanaume wengi hawakurudi. Miaka michache baadaye ada zikarejeshwa kwa sura nyingine.

Kwa maoni yangu, hilo ndilo kosa kubwa zaidi katika historia hii yote, na halitajwi vya kutosha. Mguu mmoja wa mpango wa 1965 ulikatwa, na mguu wa pili, yaani bima, ukaachwa ulivyokuwa. Matibabu ya kutwa yalirudi kuwa mzigo wa mgonjwa, lakini hazina iliendelea kulipia kitanda tu. Kilichobadilika 1990 ni makato: yalipangwa kwa ngazi, kuanzia shilingi 30 hadi 320 kulingana na mshahara. Kiwango hicho cha juu hakikuguswa kwa miaka 25. Mkurugenzi wa kampuni kubwa na mwalimu wa shule wakawa wanachangia kiasi kinachokaribiana, huku bei ya dawa, vifaa na wauguzi ikipanda kila mwaka.

Namna ya kulipa hospitali nayo ilikuwa na athari zake. Kila hospitali ilipangiwa kiwango cha pesa kwa siku, na NHIF ililipa kwa kuhesabu siku ambazo mgonjwa alilala. Daktari aliyemtibu mtu vizuri na kumruhusu siku ya pili alipata pungufu kuliko yule aliyemweka siku tano. Mgonjwa ambaye angeweza kutibiwa na kurudi nyumbani alikuwa na sababu ya kuomba alazwe, maana bila kulazwa kadi yake haikumsaidia. Hospitali ndogo za watu binafsi zilizochipuka katika miji mingi zilitegemea malipo hayo. Na kwa kuwa kiwango cha siku hakikulingana na gharama halisi ya upasuaji au dawa, tofauti ilibaki kwa familia. Kwa pengo hilo Wakenya walitumia silaha waliyokuwa nayo: harambee. Jamaa walikaa sebuleni na daftari la michango; leo wanakaa katika kundi la WhatsApp lenye nambari ya kutuma pesa.

Jaribio la kwanza kubwa la kubadili yote hayo lilikuja na serikali ya Mwai Kibaki. Mwaka wa 2004 Waziri wa Afya, Charity Ngilu, alipunguza ada za zahanati hadi shilingi 10 na za vituo vya afya hadi shilingi 20. Kisha akapeleka bungeni mswada wa bima ya afya kwa kila Mkenya. Wabunge waliupitisha Desemba mwaka huo. Waajiri waliupinga, kampuni za bima ziliupinga, na Wizara ya Fedha ilihofia gharama. Kibaki hakuutia saini, akaurudisha. Hofu ya gharama ilikuwa na msingi, lakini miaka iliyopotea nayo ina gharama yake, na waliolipa hawakuwa Wizara ya Fedha.

Baadhi yao walilipa kwa uhuru wao. Wanawake wawili waliojifungulia Hospitali ya Pumwani, Nairobi, walizuiwa humo kwa sababu ya bili ambayo hawakuweza kuilipa. Mwaka wa 2015 Mahakama Kuu iliamua kwamba kuwazuia kulikiuka haki zao chini ya Katiba ya 2010, ambayo kifungu chake cha 43 kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa. Kufikia wakati huo serikali ya Uhuru Kenyatta ilikuwa imeondoa ada za kujifungua katika vituo vya umma, Juni 2013, mpango ambao baadaye ulihamishiwa NHIF kwa jina la Linda Mama. Akina mama waliuelewa upesi kuliko sera nyingine yoyote, kwa sababu ahadi yake ilikuwa rahisi: njoo ujifungue.

Aprili 2015 makato yalipandishwa hadi shilingi 1,700 kwa wenye mshahara wa 100,000 na zaidi. Aliyejiajiri akatoka shilingi 160 hadi 500 kwa mwezi. Kwa malipo hayo, matibabu ya kutwa hatimaye yaliingia kwenye kadi ya mwanachama wa kawaida. Mwanachama alichagua kituo kimoja, na kituo kikalipwa kiasi maalumu kwa kila aliyesajiliwa, aje au asije. Motisha ikageuka kinyume kabisa. Kitanda kilikuwa kimewafundisha wenye hospitali kuwaweka watu. Sasa walikuwa na sababu ya kufanya machache kadiri iwezekanavyo, na malalamiko ya wagonjwa walioambiwa dawa zimeisha yalitapakaa. Wakati huohuo hazina ilianza kulipia mambo mazito kama usafishaji wa damu kwa wenye figo zilizoshindwa, shilingi 9,500 kwa kila kikao. Kwa familia hizo, kadi ilikuwa uhai wenyewe. Ilibidi hospitali zisubiri malipo miezi mingi, na NHIF ilipofungwa iliziachia madai yanayozidi shilingi bilioni 30.

Rais William Ruto alitia saini sheria mpya Oktoba 19, 2023. Mahakama Kuu iliibatilisha Julai 2024, Mahakama ya Rufaa ikausimamisha uamuzi huo, na Oktoba 1, 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ikachukua nafasi ya NHIF. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 bila kikomo cha juu. Hilo ni la haki kuliko chochote tulichowahi kuwa nacho. Asiye na mshahara huulizwa maswali kuhusu nyumba anayoishi na mali yake, kisha hukadiriwa kiasi chake, kisichopungua shilingi 300 kwa mwezi, na sheria ilitaka alipe mwaka mzima kwa mkupuo. Mama mboga anayenunua sukuma wiki kwa pesa za jana hana akiba ya mwaka. Ni ugumu uleule wa 1972, na safari hii hauwezi kuitwa jambo geni.

Mabadiliko ninayoyathamini zaidi hayazungumzwi sana. Sheria hiyo iliunda hazina tatu, na mojawapo, ile ya afya ya msingi, hutoka kwenye kodi na hulipia huduma za zahanati na vituo vya afya bila mgonjwa kuchangia. Aliyefika na homa akatibiwa na kurudi nyumbani amerudishiwa alichopewa 1965. Katika bajeti iliyosomwa Juni 2025, hazina hiyo ilitengewa shilingi bilioni 13.1. Fungu hilo hujadiliwa upya bungeni kila mwaka, na hapo ndipo wabunge wanapaswa kubanwa.