Masomo ya kambini na masomo ya Leta

Tukiongea juu ya desturi za Lubumbashi, haraka tunataja ngoma na bukari. Lakini muji wetu ulikuwa na desturi nyingine: kampuni kusomesha watoto wa wafanyakazi. Inafaa tukumbuke namna ilianza na namna ilikwisha.

Masomo ya kwanza yalikuwa ya misheni. Wasaleziani walifika mwaka 1911, muji ukiwa na umri wa mwaka mmoja tu. Katika miaka ya 1920, Union Minière ilianza kutaka mfanyakazi akae kambini na bibi yake na watoto. Ikajenga nyumba, hospitali na masomo, na bapadri Wabenedikto wakapewa kazi ya kufundisha. Wazee wanasimulia kwamba mtoto akikosa masomo, posho yake ilikatwa. Huo haukuwa wema mutupu: kampuni ilijitayarishia wafanyakazi wa kesho. Masomo ya Leta yasiyo ya dini, kwa watoto Waafrika, yalikuja nyuma, tangu mwaka 1954.

Mwaka 1967 Union Minière ikawa mali ya Leta, baadaye ikaitwa Gécamines. Desturi ikaendelea. Watu walisema: «Kazi njo baba, kazi njo mama.» Lakini kuanzia miaka ya 1990, katika masomo ya Leta huko Kenya na Katuba, mzazi alilipa minervali na tena akachanga pesa kwa kumlipa mwalimu, kwani mshahara wa Leta haukutosha hata kununua unga. Watoto wa muji mmoja hawakuwa tena na bahati moja.

Hata kambini mambo yaliharibika. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto, karibu na Kolwezi, uliporomoka, na Gécamines ikaanza kuanguka. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka kwa mpango uliosaidiwa na Benki ya Dunia. Baba aliyetia sahihi alipoteza kazi, na pamoja nayo hospitali na masomo ya watoto. Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu alikuwa ameshawaita watoto hao, katika kitabu chake cha mwaka 2001, «Bana Shaba» walioachwa na baba yao.

Hapo njo fundisho. Masomo ya kambini yalikuwa mazuri, lakini hayakuwa ya mtoto. Yalikuwa ya mukono wa baba yake. Mukono ulipoachishwa kazi, mtoto naye alitoka.

Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 43, inasema masomo ya msingi ya Leta ni ya bure. Ilianza kutekelezwa Septemba 2019, na kelasi zikajaa sana. Sisi walimu wa sekondari tunawapokea watoto hao, wengine hawajui kusoma vizuri. Taabu ni kubwa, sikatai. Lakini kelasi iliyojaa inaweza kuongezewa madawati na walimu. Tusikubali tena mtoto aulizwe baba yake anafanya kazi wapi kabla ya kupewa kiti.