Mfumaji Aliyeondolewa Ushirika



Ukifungua Matendo 9 utawakuta wajane wa Yafa wakilia kando ya mwili wa Dorkasi, na mikononi wameshika nguo alizowashonea alipokuwa hai. Hayo ndiyo maziko ninayoyapenda. Leo nakuletea mama mwingine wa uzi na sindano, ila huyu alikuwa pia askari, na kanisa lake lilimtenga kwa sababu hiyo hiyo. Nakuomba usikimbilie kumhukumu kabla hujafika mwisho.

Aliitwa Deborah Sampson. Alizaliwa tarehe 17 Desemba 1760 huko Plympton, Massachusetts, wakati Marekani bado iko chini ya Uingereza. Baba yake aliitelekeza familia. Mama akabaki na watoto wengi asioweza kuwalisha, ikabidi awagawe kwa watu. Deborah alipofika karibu miaka 10 alipelekwa Middleborough kuwa mtumishi wa mkataba katika nyumba ya mkulima, akakaa huko mpaka alipotimiza 18. Kazi ilikuwa ya shambani na ya jikoni. Kusoma alijifunza kwa kubahatisha, akiwauliza wavulana wa nyumba hiyo walichofundishwa shuleni.

Alipokuwa huru alikuwa na vitu viwili: kichwa na mikono. Wakati wa joto alifundisha watoto, na wakati wa baridi alifuma. Fundi wa kufuma wa siku zile alikwenda nyumba hadi nyumba, akikaa kwa mteja mpaka kitambaa kiishe, kisha anahamia kwa mwingine. Inasemekana alijua pia kuchonga mbao, akitengeneza vigoda vya kukamulia ng'ombe na vifaa vidogo vya jikoni. Nyinyi akina mama mnaofuma vitambaa vya makochi usiku watoto wakilala, huyu ni wa kwenu.

Mwaka 1780 aliokoka na kupokelewa katika kanisa la Kibaptisti la hapo Middleborough.

Vita vya uhuru vilikuwa vimeanza mwaka 1775. Kufikia 1782 vita vikubwa vilikuwa vimepita, lakini karibu na New York watu walikuwa bado wanauana. Deborah akajishonea nguo za kiume. Jaribio la kwanza la kujiandikisha lilishindikana, akatambuliwa. Mwezi Mei akaenda mbali kidogo na nyumbani na kujiandikisha tena, safari hii kwa jina la Robert Shurtliff, akaingizwa katika Rejimenti ya Nne ya Massachusetts. Sitaki kumpaka rangi ya malaika. Alidanganya jina, na huenda njaa ilimsukuma sawa na uzalendo, maana askari alilipwa na mfumaji wa kike alilipwa kidogo sana. Mungu ndiye ajuaye mizani ya moyo wake.

Septemba mwaka huo huo kanisa lilikutana. Waliandika kitabuni kwamba dada huyu anashukiwa kuvaa nguo za kiume na kujiunga na jeshi, kwamba ameondoka ghafla, na kwamba hawajui alikokwenda. Ushahidi kamili hawakuwa nao, na walikiri hivyo katika maandishi yao wenyewe. Hata hivyo wakaondoa ushirika naye. Mimi ni mchungaji, na najua andiko walilolisimamia, Kumbukumbu la Torati 22:5. Najua pia jinsi kikao cha wazee kinavyoweza kumaliza jambo la mtu asiyekuwepo kabla chai haijapoa. La ajabu ni kwamba leo, watu wanapobishana kama kweli alikwenda vitani, ukurasa ule ule uliomtenga ni mmoja wa ushahidi wa mapema kabisa wa upande wake.

Vitani alijeruhiwa karibu na Tarrytown. Mwandishi aliyetoa kitabu juu yake mwaka 1797, Herman Mann, alipenda kutia chumvi, kwa hiyo pokea kwa tahadhari. Lakini habari iliyodumu ni kwamba alipigwa risasi pajani, akaogopa daktari asije akamjua, akajitoa risasi mwenyewe kwa kisu kidogo na sindano ya kushonea. Fikiria maumivu yale, mpendwa, na sauti haitakiwi kutoka.

Mwaka 1783 homa kali ilimlaza hospitalini Philadelphia. Daktari Barnabas Binney akagundua siri, na badala ya kumtangaza akamtunza. Tarehe 25 Oktoba 1783 jeshi lilimwachilia kwa heshima huko West Point.

Akarudi kwenye sufuria na uzi. Mwaka 1785 aliolewa na mkulima Benjamin Gannett, wakaishi Sharon, wakazaa watoto watatu, Earl, Mary na Patience, na kumlea yatima mmoja. Shamba lilikuwa duni na madeni mengi. Mwaka 1792 jimbo la Massachusetts lilimlipa pauni 34 za mshahara aliokuwa anadai. Mwaka 1802 alivaa tena sare na kuzunguka miji akisimulia watu yaliyompata na kuonyesha gwaride la bunduki, ili nyumba ipate chakula. Paul Revere, yule fundi wa fedha maarufu, alimtembelea, kisha mwaka 1804 akamwandikia mbunge William Eustis. Alisema kwamba alitarajia kukuta mwanamke wa kiume-kiume, akakuta mama wa kawaida, mwenye maneno mazuri, na mwenye afya iliyoharibiwa na vita. Mwaka 1805 pensheni ya waliojeruhiwa ikatoka, dola 4 kwa mwezi. Mwaka uliofuata bado alikuwa anamwandikia Revere kumwomba mkopo wa dola 10, maana kuna ugonjwa nyumbani.

Soma tena sentensi hiyo. Shujaa wa taifa anaomba dola 10.

Alifariki tarehe 29 Aprili 1827, akiwa na miaka 66, akazikwa Sharon. Benjamin, mgane sasa, akaomba pensheni ambayo wajane wa askari walikuwa wakipewa. Bunge likakubali mwaka 1838, likisema halijui mfano mwingine kama wa mama huyu katika vita vile. Lakini Benjamin alikuwa ameshakufa mwaka uliotangulia. Watoto wakapewa dola 466 na senti 66.

Mwaka 1983 Massachusetts ilimtangaza rasmi kuwa shujaa wa jimbo. Na Januari 2021 Marekani ilipitisha sheria yenye jina lake, kuhakikisha wanawake waliotumikia jeshi wanapata matibabu yanayowafaa, mbele ya daktari wasiyelazimika kumficha kitu.