Tarehe 7/8/1998: Kompyuta iisome kwa macho ya nani?

Sisi Wakenya tukiandika kwa tarakimu siku ubalozi wa Marekani ulipolipuliwa Nairobi, tunaandika 7/8/1998. Mmarekani huandika 8/7/1998. Ipe kompyuta iliyozoeshwa desturi za Marekani tarehe yetu hiyo, nayo itanakili, bila kusitasita, kwamba msiba ule ulitokea tarehe 8 Julai. Haitalalamika. Ilichokosa ni kujua aliyeandika anatoka wapi.

Mgogoro huu ni mkongwe kuliko kompyuta. Azimio la Uhuru wa Marekani la 1776 limetanguliza mwezi, na Waingereza wa enzi hizo nao waliandika hivyo mara nyingi. Baadaye Waingereza wakageuka, wakatanguliza siku, nasi tuliotawaliwa nao tukaurithi mtindo huo. Mwaka wa 1988 shirika la viwango la ISO likatoa kiwango nambari 8601: mwaka, mwezi, kisha siku, yaani 1998-08-07. Nionavyo mimi, huo ni muundo mwafaka wa kuhifadhia kumbukumbu, si wa kumsemeshea mtu.

Tarehe kama 25/12 hujifichua yenyewe, kwani hakuna mwezi wa 25. Ingawa hata hapo usiwe na hakika sana! Kisomaji cha zamani cha tarehe katika lugha ya Java, kikiambiwa mwezi ndio kwanza, huhesabu miezi 25 hivi hivi, na Krismasi ya 1999 ikawa tarehe 12 Januari 2001. Zisizojifichua ni siku 12 za mwanzo za kila mwezi. Ukiondoa zile zinazosomeka mamoja, mathalani 5/5, zinabaki siku 132 kila mwaka.

Sasa wapo wanaodhani kwamba kuisarifu programu kwa Kiswahili ni kuandika Januari na Februari tu, basi. La hasha. Majina yetu ya siku yamebeba hesabu inayoanzia Jumamosi. Jumatano ni ya tano, kisha inafuata Alhamisi, neno la Kiarabu lenye tano nyingine ndani yake! ISO nayo huanza juma kwa Jumatatu na kuipa nambari 1. Programu inayobahatisha kutokana na "tatu" itampeleka mgonjwa kliniki Jumatano. Na akiambiwa aje saa tatu asubuhi, mashine iandike 09:00, si 03:00.

Kwa hivyo mtaalamu wa programu asikisie. Kila tarehe iliyochapwa iandamane na alama ya lugha na nchi ya mwandishi, kama vile sw-KE. Kwenye fomu, mwezi uchaguliwe kwa jina.