Nani Anayakumbuka Maji ya Mwiki?

Januari, udongo wa Mwiki hupasuka nyufa za kumeza kiganja. Ni ule mweusi ambao fundi mzuri huuchimba wote na kuutupa kabla ya kumwaga msingi. Masika yakianza hufura, nyufa zikafunga, na maji ambayo yangezama yakabaki juu yakitafuta mlango wa mtu. Anayeonyeshwa ploti wakati wa kiangazi haoni dalili yoyote ya hayo, na mara nyingi hana jirani mkongwe wa kumwambia. Ndipo ninapoona kazi kubwa ya utafiti wa vyuo vikuu katika mji wa namna hii: kabla ya kuwa utabiri, ni kumbukumbu.

Ruiru, uliko mtaa wa Mwiki, ilikuwa nchi ya mashamba ya walowezi, kahawa na katani. Baada ya uhuru, kampuni za kununua ardhi ziliyanunua mengi, wanahisa wakagawiwa, nao wakauza vipande vya futi 50 kwa 100. Sensa ya 2009 ilihesabu watu wapatao 238,000 katika mji wa Ruiru. Ile ya 2019 ikakuta zaidi ya 490,000. Maana yake ni kwamba mvua kubwa za 1961, zile za Uhuru, zilinyeshea mashamba, na hata zile za El Niño za 1997 na 1998 hazikuukuta umati wa leo. Kahawa haisimulii. Kilichobaki ni rekodi za mvua, picha za angani na ramani za udongo, na wanaojua kuzisoma wako mwendo wa matatu tu: Chuo Kikuu cha Kenyatta, kilichorithi kambi ya jeshi pale Kahawa mwaka 1965, na kile cha Jomo Kenyatta kilichoanzishwa Juja mwaka 1981. Linganisha na Vihiga, ambako ukoo wa Nganyi umesoma dalili za mvua kwa vizazi. Huko wanasayansi walikaa na wazee, kila upande ukaleta utabiri wake, wakatoa kauli moja ambayo wakulima waliweza kuiamini. Mwiki haina Nganyi wake.

Patakuwa na atakayesema kwamba tafiti huozea kabatini. Ana haki. Tangu 1998 wataalamu wa hali ya hewa wa Pembe ya Afrika hukutana kabla ya msimu kutoa utabiri wa pamoja, lakini utabiri wa kanda nzima haumwambii mtu kama kichochoro chake kitapitika. Tena hata ujumbe ulio wazi hupotea njiani: Oktoba 2023 Rais William Ruto aliwatuliza Wakenya kwamba El Niño iliyotabiriwa haingekuja; hadi mwaka unaisha, mafuriko yalikuwa yameua zaidi ya watu 100. Dawa ya tafiti kuozea kabatini ilionekana Dar es Salaam. Katika mradi wa Ramani Huria, ulioanza 2015, wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipita mitaani pamoja na wakazi wakichora mitaro, makalvati na nyumba, na kuuliza maji hufika wapi yanapofurika. Goti au kiuno, jibu la mkazi liliingia kwenye ramani. Hapo kumbukumbu ilitoka kwa mwananchi na kurudi kwake ikiwa na vipimo.

Pingamizi gumu zaidi ni la umaskini: mtu anajua kwamba ploti ni ya maji, na ananunua kwa sababu ndiyo anayoimudu. Kweli, ramani haipunguzi bei. Lakini humwambia ainue msingi kiasi gani na choo akichimbe upande gani, na huwapa majirani hoja ya kudai mtaro mbele ya serikali ya kaunti, ambako malalamiko matupu huishia mlangoni. Pia hufichua upungufu wa kipimo ambacho serikali imekitumia. Mei 2024, serikali ilipowaondoa watu kandokando ya mito ya Nairobi, hesabu ilikuwa mita 30 kutoka mtoni. Kwa mpangaji wa Mwiki ambaye mto uko mbali naye, na maji yaliyogoma kuzama yamefika chini ya kitanda, mita 30 hizo hazimhusu.